Daktari wa Mifugo na Kichaa cha Mbwa

Mji wa Ifakara umo katika bonde la mto Kilombero, mkoani Morogoro. Wakazi wengi wa bonde hilo hulima mpunga, na wengine hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Mbwa nao hulinda nyumba na mifugo. Wanyama wote hao huangaliwa na daktari wa mifugo. Ng'ombe akishikwa na ndigana, au nagana inayoletwa na mbung'o, yeye ndiye humpima na kumpa dawa. Lakini upo ugonjwa mmoja ambao dawa zake haziwezi kuuponya. Huo ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia: hudondosha mate, hushindwa kumeza, na huuma bila kuchokozwa. Akimwuma mtu, virusi huingia katika jeraha, kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo huweza kuchukua majuma kadhaa au hata miezi. Dalili zikishaonekana, mgonjwa hufa, karibu kila mara. Kwa hiyo hapana budi virusi vizuiwe njiani. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Kisha aliyeumwa apelekwe hospitali siku ile ile akachanjwe, na arudi kila tarehe atakayopangiwa, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.

Je, daktari wa mifugo hufanya nini? Huwachanja mbwa kabla hawajaugua. Mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na kichaa cha mbwa, ulioanza nchini miaka ya 2010, ulizihusisha wilaya za Kilombero na Ulanga. Wataalamu wameona kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Hata hivyo kazi haiishi, kwani kila mwaka mbwa wengine hufa na wengine huzaliwa.

Hapo daktari hulazimika kuwa mwalimu na mtangazaji. Chanjo iliyo katika sanduku lenye barafu haimfai mbwa asiyeletwa. Kwa hiyo hutangaza siku na mahali pa chanjo, na huzungumza na wazee na wanafunzi. Mfugaji akihofu kwamba sindano itampunguzia mbwa wake ukali wa kulinda, daktari humweleza kwa upole. Mara nyingi watoto ndio huwaleta mbwa, maana mbwa huwatii wao kuliko mwenye nyumba!

Masomo ya udaktari wa mifugo hutolewa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mjini Morogoro, kwa muda wa miaka mitano.

Maswali
1. Kwa nini jeraha la usoni ni la hatari zaidi kuliko la mguuni?
2. Kijiji kina mbwa 240. Wangapi wachanjwe ili ugonjwa usienee?
3. Uliza nyumbani au kwa jirani: mbwa wao alichanjwa lini?