McMillan wa Juja: Umwinyi, Ardhi na Majina baina ya Ruiru na Thika

Historia ya walowezi nchini Kenya huwataja zaidi makabaila wa Kiingereza waliorithi vyeo vyao, kama Lord Delamere. Makala haya yanamwangalia mtu ambaye hakuzaliwa katika ukoo wa namna hiyo, bali aliishi kama mwinyi kamili: Sir William Northrup McMillan. Maisha yake yanadhihirisha kuwa umwinyi wa kikoloni ulijengwa kwa fedha, ardhi na sheria. Damu haikuwa sharti.

McMillan alizaliwa mwaka 1872 huko St. Louis, Marekani, katika familia iliyotajirika kwa kuunda mabehewa ya reli. Mwaka 1903 aligharimia msafara wa mashua katika mto wa Nile ya Buluu, na safari ikaishia kwenye maporomoko. Baadaye alijipatia shamba la Juja, baina ya Ruiru na Thika, lenye ekari zipatazo 20,000. Ndiko alikofikia Theodore Roosevelt mwaka 1909, muda mfupi baada ya kuondoka katika urais wa Marekani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia McMillan alitumikia jeshi la Uingereza, akatunukiwa cheo cha "Sir".

Zaidi ya hayo, aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 iliwawezesha walowezi kukodishwa mashamba kwa miaka 999. Katika uchaguzi wa kwanza, mwaka 1920, Waafrika hawakuwa na kura; Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia barazani mwaka 1944. Basi mwenye shamba ndiye aliyekuwa mtunga sheria. Aliyelima shamba hilo aliitwa "skwota", neno la mkopo lililomgeuza mwenyeji kuwa mtu wa kuvumiliwa tu.

Majina ya mahali nayo yana ushahidi wake. Yasemekana "Juja" limeundwa kutokana na sanamu mbili, Ju na Ja, alizozileta McMillan kutoka Afrika Magharibi. Hadithi hii ni ya kupokewa kwa tahadhari. Mlima ulio karibu una majina kadhaa. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Kwa Wagikuyu ni Kirima kia Njahi, nao Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, aliuhesabu miongoni mwa makao ya Mungu. Watu wengi leo husema Kilimambogo. Mwanafunzi wa sarufi atauliza kwa nini mlima wenye zaidi ya mita 2,100 uitwe "kilima". Huenda jibu limo katika Kigikuyu, ambamo "kirima" ni mlima wa kawaida, bila maana yoyote ya udogo.

McMillan alifariki mwaka 1925, akazikwa kwenye mteremko wa mlima huo. Inasimuliwa kuwa alitaka kulala kileleni, lakini trekta lililobeba jeneza likashindwa njiani kwa uzito wake, maana alikuwa mnene kupindukia. Mkewe, Lucie, aliyezikwa hapo mwaka 1957, ndiye aliyesimamia ujenzi wa maktaba ya kumbukumbu ya mumewe jijini Nairobi. Ilifunguliwa mwaka 1931, nao Waafrika wakakatazwa kuingia humo hadi uhuru ulipokaribia.