Kutoka Udongo hadi Matofali: Maswali Kuhusu Mbio za Magari za Indiana

Kila mwisho wa Mei, magari 33 yenye matairi yaliyo wazi, yasiyofunikwa na bodi, huzunguka uwanja wa Indianapolis mara 200. Wasomaji waliolelewa na Safari Rally, matope yake na madaraja yaliyosombwa, huuliza utamu wake uko wapi. Tulimpa mwandishi wetu wa mbio za magari baadhi ya maswali yenu.

Kwa nini Indiana, jimbo la mahindi na nguruwe?

Anza na farasi. Indiana ina kaunti 92, na maonyesho ya kilimo ya kaunti hayakunoga bila mbio za farasi. Magari yalipokuja yalikuta viwanja vipo tayari: duaradufu la udongo, mara nyingi la nusu maili, uzio na jukwaa la watazamaji. Hata desturi ya kukata kona za kushoto tu ilikuwa ya farasi. Dereva alifuata kwato. Uwanja wa Maonyesho ya Jimbo pale Indianapolis ulikuwa na njia ya maili moja tangu 1892.

Halafu kulikuwa na viwanda. Elwood Haynes aliendesha gari lake mjini Kokomo mwaka 1894, na miaka michache baadaye Marmon, National na Cole zilikuwa zikiunda magari Indianapolis kwenyewe. Kilichokosekana ni mahali pa kuyajaribu kwa kasi, maana barabara za wakati ule zilikuwa za mikokoteni. Carl Fisher, aliyetajirikia kwenye taa za gesi za magari, alishirikiana na James Allison, Arthur Newby na Frank Wheeler kujenga uwanja wa kilomita 4 mwaka 1909.

Na matofali yaliingiaje?

Kwa maafa. Uso wa kwanza ulikuwa kokoto na lami, na katika mbio za magari za Agosti 1909 ulifumuka. Watu 5 walikufa ndani ya siku tatu, wawili kati yao watazamaji. Vuli ile ile yakatandazwa matofali milioni 3.2, na hadi leo uwanja huo huitwa Kiwanja cha Matofali, ingawa yaliyobaki wazi ni mstari mmoja tu, usiofika mita moja kwa upana, pale pa kumalizia.

Mbio za kwanza za maili 500 zilikuwa tarehe 30 Mei 1911. Ray Harroun alishinda na Marmon kwa saa 6 na dakika 42, wastani wa kilomita 120 kwa saa. Wenzake walipakia fundi wa kuwaangalizia nyuma. Yeye alikaa peke yake, akafunga kioo mbele yake. Walilalamika, bila shaka.

Gari linaendeshwaje kwenye udongo? Mbona kwenye video linakwenda upande upande?

Swali hili nimelingoja miaka. Gari liitwalo sprinti lina injini ya lita 6.7, nguvu za farasi zinazokaribia 900, na uzito wa kilo 640 hivi, dereva akiwemo. Halina klachi wala staata, wala gia za kubadilisha. Husukumwa na pikapu mpaka injini ishike. Tairi la nyuma kulia ni kubwa kuliko la kushoto, kwa hiyo gari lenyewe linataka kwenda kushoto, kama bilauri iliyolazwa mezani ikabiringishwa. Ukilipeleka barabara iliyonyooka litakusumbua.

Kabla ya mbio udongo wa mfinyanzi humwagiliwa maji, kisha hushindiliwa. Akiingia kwenye kona dereva huutupa mkia wa gari nje, akageuza usukani kulia ilhali anakwenda kushoto. Kuanzia hapo kinachoongoza ni mguu kwenye mafuta: ukiongeza, mkia unatoka, ukipunguza, unarudi.

Na uwanja haukai ulivyo. Jioni ikianza ni mbichi na unashika. Saa mbili baadaye njia ya ndani imekuwa nyeusi, inang'aa na kuteleza kama sakafu iliyopigwa nta, na udongo uliochimbuliwa na matairi umejilundika ukingoni juu. Hapo mashujaa hupanda, wakaegemeza tairi la nyuma kulia kwenye lundo lile. Likishika, wanawapita wenzao wote. Wakizidisha shubiri moja, gari linapinduka.

Pennsylvania hufunga bawa kubwa juu ya gari ili hewa iligandamize chini. Indiana sifa yake ni kukimbia bila bawa. Mimi ni wa Indiana katika hili: bawa linaficha makosa ya dereva.

Ni kweli madereva wa Indianapolis 500 walitoka kwenye viwanja hivyo?

Kwa miongo kadhaa, ndiyo, na kwangu hiki ndicho kiini cha historia yote. Kijana alianza na gari dogo, mijeti, akapanda hadi sprinti kwenye udongo wa Terre Haute au kwenye kuta za Winchester, ambako kona zimeinuka nyuzi 37, kisha magari makubwa ya viwanja vya maili moja, mwisho matofali. Ubingwa wa taifa ulihesabu udongo na matofali pamoja. Ngazi ilikuwa moja, na A.J. Foyt wa Texas aliipanda mpaka juu, akashinda Indianapolis mara nne: 1961, 1964, 1967 na 1977.

Aliyeikata ni mgeni mpole. Mwaka 1961 Jack Brabham, bingwa wa Formula One, alileta Cooper ndogo yenye injini nyuma ya dereva na kumaliza wa tisa. Watu walicheka. Mwaka 1963 Jim Clark wa Scotland akawa wa pili na Lotus. Foyt akashinda 1964 na gari lenye injini mbele, la mwisho kufanya hivyo. Mwaka 1965 Clark akachukua kombe. Magari mapya yalitaka dereva laini, aliyetoka kwenye mbio za barabarani, na ustadi wa kutupa mkia ukakosa soko. Baada ya msimu wa 1970 udongo ukaondolewa kwenye ubingwa mkuu.

Mwaka 1996 Tony George, mkuu wa uwanja wa Indianapolis, alianzisha ligi yake, sababu mojawapo ikiwa kuwarudishia mlango vijana wa duaradufu. Tony Stewart wa Columbus, Indiana, aliyekuwa ametwaa mataji yote matatu ya chama cha USAC mwaka 1995, akaingia humo. Haikupita miaka mingi akahamia mbio za NASCAR, alikotangulia Jeff Gordon, kijana wa California ambaye wazazi wake walimhamishia Indiana ili akimbie sprinti akiwa bado tineja. Ngazi ilikuwepo bado. Iliegemezwa ukuta mwingine.

Wamarekani weusi walikuwa wapi?

Walikuwa palepale, upande wa pili wa mji. Chama cha AAA kilichosimamia mbio hadi 1955 kiliwafungia weusi mlango. Mwaka 1924, mwaka ambao Ed Jackson alichaguliwa gavana wa Indiana kwa msaada wa Ku Klux Klan, weusi wa Indianapolis walianza mbio zao, Gold and Glory: maili 100 kwenye udongo wa Uwanja wa Maonyesho, mbio zilizofanyika hadi 1936.

Bingwa wao alikuwa Charlie Wiggins, fundi mzaliwa wa Evansville, mwenye gereji Indianapolis. Gari lake alilijenga mwenyewe. Alishinda mara nne, tatu zikifuatana kuanzia 1931. Mwaka 1936 magari yalipogongana kwa mkumbo alipoteza mguu. Akaendelea na ufundi kwa mguu wa mti. Mweusi wa kwanza kufuzu kukimbia Indianapolis 500 alikuwa Willy T. Ribbs, mwaka 1991. Ukiniuliza dereva gani ningelipa nauli kumwona kwenye matofali, sitamtaja Foyt.

Mbona watu hufa sana?

Walikufa sana. Bill Vukovich alishinda 1953 na 1954, akafa 1955 akiwa anaongoza. Baada ya moto wa 1964 uliowaua Eddie Sachs na Dave MacDonald, petroli iliachwa, ikatumika methanoli, ambayo moto wake huzimwa kwa maji. Fremu imara, mikanda bora na kuta zinazobonyea zimepunguza misiba. Hazijaimaliza.

Nikifika Indiana leo nione nini?

Mei, nenda Anderson kabla ya siku ya Indianapolis: sprinti 33, mizunguko 500 kwenye kiwanja cha robo maili, tangu 1949. Kwa udongo, Kokomo na Terre Haute. Usiende Uwanja wa Maonyesho ukitarajia kusikia injini. Mbio za Hoosier Hundred zilifanyika pale mara ya mwisho mwaka 2019. Njia ile ya maili moja imerudishiwa farasi.