UMEME HAFIFU NA MASHINE ZA BIASHARA

Wenye mashine za kusaga na kukoboa wanafahamishwa kwamba taa kuwaka si dalili ya umeme kutosha mota. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi ulipokea umeme wa Uganda, kutoka Masaka hadi Kyaka. Toka hapo hata Bugomora, wilayani Kyerwa, ni mwendo mrefu, na kadiri waya unavyorefuka na watumiaji kuzidi, volti hupungua. Volti 400 za njia tatu zikishuka hadi 360, nguvu ya mota ya kuzungushia hubaki asilimia 81 tu, ilhali mzigo ni ule ule. Hapo mota huvuta mkondo mwingi zaidi, ikapata moto, na koili zake zikaungua. Taa zikififia, mashine izimwe na volti zipimwe. Fyuzi kubwa zaidi isitiwe kamwe: huiacha mota iteketee, yenyewe ikabaki nzima.