Baiskeli Inayokukaa: Mafunzo Niliyopata Katika Barabara ya Magu

Hapa Magu, mkoani Mwanza, hatujawahi kupungukiwa baiskeli. Wazee wetu walikuwa na Raleigh za Uingereza, sisi tukakuta Phoenix za China na Hero za India, na waliokuwa wakubwa miaka ya 1970 na 1980 wanazikumbuka Swala zilizotengenezwa hapa hapa nchini. Mimi nimefanya kazi ya ubwana shamba juu ya Phoenix. Ilibeba mbegu za pamba, mabomba ya dawa, na mara nyingine mgonjwa wa jirani. Sitaki mtu yeyote aidharau baiskeli ile mbele yangu.

Lakini vijana wanaonijia siku hizi hawaulizii hiyo. Wanaulizia ile nyepesi ya mashindano, yenye usukani uliopinda kwenda chini na gia nyingi. Wameona Biniam Girmay wa Eritrea akishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kuondoka na jezi ya kijani. Wameona mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakifanyika Kigali, Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na Kigali si mbali na Mwanza. Mimi mwenyewe niliianza baiskeli hiyo nikiwa mtu mzima, na sasa nywele ni nyeupe. Haya ndiyo ninayowaambia.

1. Barabara yako ndiyo inayochagua kwanza

Barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma na Sirari inapita Igoma, Kisesa na Nyanguge ndipo ifike Magu mjini, kama kilomita 60. Ni lami, na mtu aliyezoea kuipita ndani ya gari atakuambia ni nzuri. Kilichonishangaza nilipoanza kuipita kwa baiskeli nyembamba ni kwamba lami ya gari na lami ya baiskeli si lami moja. Gari linakwenda katikati. Wewe unaishi pembeni, kwenye kingo zilizomegeka, mchanga uliosombwa na mvua, na vile vijiwaya vya chuma vinavyobaki tairi la lori likipasuka. Basi la Musoma likipiga honi nyuma yako, hata ile pembeni unaiacha, unashuka kwenye changarawe.

Kwa barabara hiyo, tairi la milimita 23 walilokuwa wakitumia wanariadha wa Ulaya zamani halikufai. Na wao wenyewe wameliacha, wamehamia 28 na kuendelea. Sababu yake inaeleweka ukiipanda: tairi jembamba lililojazwa upepo mpaka likawa gumu linarukaruka juu ya kila kokoto, na kila mruko unakula nguvu uliyotoa mguuni. Tairi pana kidogo, lenye upepo wa kiasi, linalimeza kokoto na kusonga mbele. Sikuamini mpaka niliposikia tofauti kwenye mapaja yangu.

Kwa hiyo kabla hujaipenda rangi, angalia nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, na pale chini ya breki. Tafuta fremu itakayopokea tairi la 28, na ukibahatika 32. Fremu iliyobana sana itakufunga kwenye tairi jembamba maisha yake yote.

2. Pima mwili, usipime jina

Mkulima mzuri hachukui mpini wa jembe la mwenzake akalima nao siku nzima. Anauchonga kwa kimo chake. Baiskeli ni hivyo hivyo, na hapa ndipo nataka msomaji anisikilize kuliko mahali pengine popote.

Baiskeli nyingi za mashindano tunazozipata huku ni za mtumba. Zilinunuliwa kwanza na watu wengine, katika nchi nyingine, na wengi wao walikuwa warefu. Muuzaji atakushushia siti mpaka chini na kukuambia, "Umeona? Imekukaa." Miguu imefika, kweli. Lakini siti inashuka, mwili wa fremu haufupiki. Usukani unabaki kule mbali, nawe unaufuata kwa mikono iliyonyooka kama mtu anayesukuma mkokoteni. Ukifika Nyanguge vidole vimekufa ganzi, shingo imekaza.

Mzee mmoja fundi wa Kisesa alinionyesha kipimo cha kienyeji ambacho bado nakitumia nikiwa sina futi: ncha za vidole ziguse pale katikati mikono ya pedeli inapozungukia, mkono unyooke, na siti iingie kwapani. Kinakupa makadirio. Baadaye nilijifunza kile cha mahesabu kilichoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Simama peku, mgongo ukutani, weka kitabu katikati ya miguu ukikipandisha mpaka kigote, kisha pima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Zidisha kwa 0.883. Mguu wa sentimita 80 unakupa 70.6, na huo ndio urefu kutoka katikati ya mzunguko wa pedeli hadi juu ya siti.

Namba hiyo ni mahali pa kuanzia tu. Panda, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Goti linyooke bila nyonga kuyumba. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kisha tazama mikono. Ukishika sehemu ya juu ya breki, viwiko vilegee, na uweze kuongea na mwenzako bila kuinua shingo kama kobe. Siti unaweza kuisogeza mbele na nyuma, shingo ya usukani unaweza kuibadilisha kwa fupi zaidi, na hapo utaokoa sentimita chache. Ikiwa unahitaji kuokoa nyingi, hiyo baiskeli ni ya mtu mwingine. Mwachie.

3. Soma namba iliyo ubavuni mwa tairi

Hili nililipa fedha kulijua. Nilinunua baiskeli nzuri ya zamani kutoka Uingereza, imara, imenikaa vizuri. Tairi la nyuma lilipokwisha, nikaingia madukani Mwanza kutafuta jingine. La Phoenix nililopewa lilikuwa kubwa na kulegea. La baiskeli za kisasa za mashindano halikuingia, hata kwa spana mbili na matusi ya fundi. Ringi ilikaa uani miezi.

Kumbe "inchi 28" na "inchi 27" ni majina tu. Ukweli uko kwenye namba ndogo ya milimita, ile inayoandikwa kwa mfano 28-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi; ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Phoenix na ndugu zake ni 635. Zile za zamani za inchi 27 ni 630. Baiskeli za mashindano za leo, zinazoitwa 700C, ni 622. Tofauti ya milimita tano jicho halioni, lakini tairi linaiona.

Chagua 622. Matairi yake hayapatikani kila duka la Magu, lakini ndiyo yanayoendelea kutengenezwa kwa wingi duniani, na akija mtu kutoka Nairobi au Dar es Salaam unaweza kumwagiza. Tazama na valvu. Ikiwa ni ile nyembamba yenye kiskrubu juu, nunua kile kichwa kidogo cha shaba kinachoiwezesha kupokea pampu ya kawaida, ukiweke ndani ya mfuko wa siti. Kinagharimu kidogo sana, na bila hicho pampu ya kijiji kizima haikusaidii.

4. Chuma bado kina heshima yake

Vijana huinua baiskeli kwa kidole na kuuliza ina kilo ngapi. Shirikisho la dunia la mchezo huu limeweka kikomo cha kilo 6.8 kwa mashindano, baiskeli isipungue hapo. Wewe hutafika huko, na huhitaji. Ukitoka kwenye baiskeli ya mizigo yenye kilo 20 ukapanda ya kilo 10 au 11, utahisi umeota mabawa.

Ninachopenda mimi ni fremu nzuri ya chuma. Kuna chuma na chuma: bomba za Reynolds 531, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1935, zina kuta nyembamba katikati na nene kwenye maungio, kwa hiyo ni nyepesi na zinanesanesa vizuri juu ya lami mbovu. Ukikuta kibandiko chake kwenye fremu iliyochoka rangi, usiipite haraka. Na chuma kikipasuka, fundi wa gesi mwenye mkono mzuri atakirudisha.

Aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu, lakini ufa wake huanza kimya kimya na kuiunga kunataka mitambo na ujuzi ambao mchomeleaji wa mageti hana. Kaboni ya mtumba siishauri hata kidogo. Ikiwa ilianguka huko ilikotoka, ufa unaweza kuwa ndani ambako hakuna jicho linalofika, na inavunjika bila kuaga.

5. Igeuze juu chini

Nilikwenda kwenye mabanda ya mtumba Mwanza na fundi rafiki yangu. Mimi nilisimama kuitazama baiskeli nyekundu iliyong'arishwa. Yeye hakuitazama, aliichukua, akaigeuza magurudumu juu, akaanza kazi. Nilimfuata macho, na tangu siku hiyo nafanya kama yeye.

Alizungusha ringi taratibu akiwa ameweka kucha karibu na breki, kuona kama inayumba. Akabinya spoki mbili mbili kusikia zilizolegea. Akashika ringi akaitikisa kushoto na kulia: ikigonga, gololi zimeliwa au ekseli imelegea. Akafanya vile vile kwa mikono ya pedeli. Akairudisha chini, akabana breki ya mbele na kuisukuma mbele na nyuma kusikia kama shingo inacheza.

Kisha akapitisha kidole kwenye maungio yote, hasa nyuma ya shingo na kule chini kwenye pedeli. Rangi iliyokunjamana nyuma ya shingo maana yake iligonga kitu. Akajaribu kuchomoa bomba la siti, halikutoka. Bomba la aluminiamu likikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi hushikana nayo, na fremu iliyokukaa vizuri haina maana ikiwa siti haipandi wala haishuki. Tuliiacha ile nyekundu kwa sababu hiyo.

Cheni ipime kwa rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja. Kwenye cheni mpya, inchi ya 12 inaangukia katikati ya pini nyingine. Ikipita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha. Ikipita kwa moja ya nane, ujue na meno ya gia yameliwa, na hiyo ni hoja yako kwenye bei.

6. Upepo ndio mlima wetu

Kuelekea Magu hakuna milima ya kutisha. Nilidhani gia nyepesi ni za watu wa kilima cha Bugando mjini Mwanza na mawe yao. Lakini Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria iko kaskazini mwa barabara, na adhuhuri nchi kavu ikishapata joto, hewa yake hupanda na ya ziwani huja kushika nafasi. Inakupiga ubavuni bila kupumzika. Kwa hiyo uliza idadi ya meno. Mbele 50 na 34, nyuma mpaka 28 au zaidi, ni mpangilio wa mtu anayetaka kufika. Mbele 53 na 39 ni wa mwenye miguu ya mashindano, na miguu hiyo utaijenga kwanza. Toka alfajiri, ukirudi kabla ya saa tano utakuwa umeuwahi upepo.

7. Ipande mbali kabla ya kulipa

Baiskeli yoyote ni tamu kwa dakika mbili mbele ya banda. Acha kitambulisho, acha simu, acha Phoenix yako rehani, lakini omba nusu saa. Tafuta kipande cha lami mbaya, achia mkono mmoja uone kama inaelekea upande. Pitia gia zote, moja moja. Kaa kimya usikilize mwili: viganja, chini ya mgongo, magoti. Ikiwa baada ya muda umeacha kuiwaza baiskeli na unaanza kuwaamkia watu njiani "Mwangaluka" kama kawaida yako, rudi ukazungumze bei.

8. Mtafute fundi kabla ya baiskeli

David Kinjah, pale Kikuyu nje ya Nairobi, ndiye aliyemwongoza Chris Froome alipokuwa kijana, kabla hajaenda kushinda Tour de France mara nne. Vijana wa kundi lake la Safari Simbaz hujifunza spana pamoja na kupanda. Na wewe jifunze. Fundi wako wa chini ya mwembe anaijua gololi kuliko mtu yeyote, lakini huenda hana spana za umbo la L wala kifaa cha kuchomoa mikono ya pedeli. Nunua seti yako, mfungue naye baiskeli nzima mara moja, mjue kila kilichomo. Muazime zana hizo akizihitaji; atakulipa kwa mkono wake.

Weka akiba ya tyubu, waya za gia na breki, na, ikiwa fremu yako inacho, kile kiulimi cha aluminiamu kinachoshika mkono wa gia nyuma, ambacho kinapinda kirahisi na hakifanani kwa kila fremu. Kinapopinda zaidi ni juu ya basi, chini ya magunia. Ukilazimika kuisafirisha hivyo, panda mwenyewe juu na utingo, uilaze kwa ubavu wa kushoto, cheni itazame mbinguni.