Pointi Zako 13 si Zile 6 Wanazotaka

*Bibi, nina miaka 19, naishi Levolosi na mama yangu anayeuza ndizi soko la Kilombero. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, nimepata Divisheni ya Tatu ya pointi 13: Biolojia C, Kemia D, Fizikia S. Ndoto yangu ni udaktari. Kijana mmoja wa steshenari anayejazia watu maombi ya vyuo ameniambia udaktari unataka pointi 6 na mimi ninazo 13, kwa hiyo nimevuka, ila Fizikia “inahitaji kusafishwa” kwa laki nne. Mama amekopa kwenye kikoba na hela iko ndani. Ameshawaambia majirani mtoto wake anakwenda kuwa daktari. Nimpe huyo kijana hizo hela?*
*N., Levolosi, Arusha*

N. mwanangu, hongera kwa kumaliza, na hongera zaidi kwa kuuliza wakati hela bado iko ndani. Wengi huniandikia ikiwa imeshatoka.

Nakuambia mapema kwamba matokeo yako si ya kuonea haya. PCB ni mchepuo mgumu, na una C ya Biolojia na D ya Kemia ulizozitolea jasho mwenyewe. Milango ipo. Ila ule aliokuonyesha huyo kijana haupo, na nataka uone kwa macho yako kwa nini haupo.

Kipimo kimoja hushuka, kingine hupanda

Baraza la Mitihani linapopanga divisheni huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7. Hapo aliye na pointi chache ndiye aliyefanya vizuri. Chukua C yako, ni 3. D yako, ni 4. S yako, ni 6. Jumla 13, Divisheni ya Tatu.

Vyuo vikuu, kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huhesabu kwa kugeuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Hapa mwenye nyingi ndiye aliye mbele. Kwa kipimo hiki una 3, una 2, una nusu. Tano na nusu basi.

Huyo kijana amechukua 13 ya Baraza akailinganisha na 6 ya TCU. Nitamdhania mema, niseme hajui. Kuna watu wazima wenye kazi zao ambao bado wanachanganya mahesabu haya mawili. Lakini hata kama hajui, laki nne za mama yako haziwezi kulipia kutojua kwake. Asiyesoma tangazo hulipia mkalimani.

Sasa tazama vigezo vyenyewe. Kuingia chuo kikuu kwa shahada kutoka kidato cha sita, TCU inataka angalau ufaulu kamili katika masomo mawili, yaani A hadi E, ule ambao shuleni mnauita prinsipo, na masomo hayo mawili yafikishe pointi 4. Tena yawe ni yale kozi yenyewe inayoyadai. Wewe Biolojia na Kemia zinakupa 5. Kwa hiyo sifa ya jumla unayo. Mtu asikutishe kwamba umefeli chuo kikuu.

Udaktari wa binadamu ndio wenye sharti lake. Unataka prinsipo zote tatu, Fizikia, Kemia na Biolojia, jumla isipungue 6, na kila somo lina daraja lake la chini. S si prinsipo. Hata ungepata A ya Biolojia ukawa na pointi saba na nusu, S ya Fizikia ingekuzuia vilevile. Kwa hiyo acha kuhesabu jumla. Kinachokukwaza ni somo moja.

Laki nne zinanunua nini?

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, univumilie.

Unapoomba chuo unajaza namba yako ya mtihani na mwaka, na matokeo yanachukuliwa kwenye kumbukumbu za Baraza la Mitihani lenyewe. Kijana wa steshenari hana ufunguo wa kuingia humo. Anachoweza kukuuzia ni karatasi, na karatasi hiyo ikisema C wakati Baraza linasema S, anayeulizwa ni mwenye jina. Kughushi cheti ni kosa la jinai, na jina litakaloandikwa kwenye jalada la polisi ni lako, maana yeye hakusaini popote.

Labda utasema mbona fulani alipita. Mwanzoni mwa mwaka 2017 TCU ilitangaza majina ya wanafunzi zaidi ya 8,000 waliokuwa tayari vyuoni ambao sifa zao za kudahiliwa zilikuwa na mashaka, ikawataka wazithibitishe. Wapo waliopeleka vielelezo wakasafishika. Lakini hebu fikiria usiku wa mtu aliyejua hana cha kupeleka, ameshalipiwa ada miaka miwili, na nyumbani wanamwita msomi. Aprili ya mwaka huohuo Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi wa umma 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini, wengine wakiwa na miaka mingi ya utumishi, watoto shuleni, mikopo benki. Ilibidi wasubiri hadi mwaka 2022 ndipo serikali ikakubali kuwarudishia michango ya mifuko ya jamii waliyokuwa wamekatwa kwenye mishahara yao. Deni la uongo halina mwezi wa mwisho, N.

Na kwako kuna jambo la ziada. Unataka kutibu watu. Fizikia imewekwa pale kwa sababu ya mgonjwa: eksirei ni fizikia, presha ya damu ni fizikia, dripu inayoshuka tone kwa tone ni fizikia. Atakayelala kitandani mbele yako siku moja hatajua kama cheti chako kilisafishwa. Wewe utajua.

Njia ninazoziona

Ya kwanza ni kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni njia halali, na wengi wameipita. Lakini usiichukue kijuujuu. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na usajili wake hufungwa miezi mingi kabla, kwa hiyo uliza kituo cha usajili mwezi huu, usingoje Januari. Kubwa zaidi, Fizikia ina karatasi ya vitendo. Huwezi kuisomea kitandani kwa madaftari ya zamani. Unahitaji maabara na mwalimu wa kukusimamia. Rudi kwa mwalimu wako wa Fizikia, mwombe akwambie kweli S ile ilitoka wapi. Kama nadharia uliiweza ukaangushwa na vitendo, hilo linarekebishika kwa mwaka. Kama kwa miaka miwili hukuelewa chochote cha umeme wala mawimbi, usiugeuze mwaka wako kuwa bahati nasibu. Na kabla hujalipa, uliza ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka namna wanavyopokea matokeo ya mikao miwili ya mtihani.

Ya pili ndiyo ninayoipenda kwako, na sikufichi. Ni stashahada ya utabibu, miaka mitatu, katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Huko wanaangalia zaidi cheti chako cha kidato cha nne: Fizikia, Kemia na Biolojia angalau D. Ukimaliza wewe ni tabibu. Nenda Kituo cha Afya Levolosi hapo jirani yako uangalie ni nani wanaosikiliza wagonjwa na kuandika dawa. Matabibu ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo katika vituo vya nchi hii. Na ukitaka kusonga, ukiwa na wastani wa B au GPA ya 3.0, unaweza kuomba udaktari kwa sifa linganishi. Ila hapa kuna jiwe ambalo wengi hujikwaa: wanaotoka stashahada kwenda udaktari hudaiwa pia angalau D za kidato cha nne katika Fizikia, Kemia, Biolojia, Kiingereza na Hisabati. Hisabati, N. Kuna watoto wengi wa PCB wenye F ya Hisabati ya kidato cha nne ambao hawajawahi kuifikiria tena. Leo hii toa cheti chako uangalie. Kama ni F, irudie wakati unasoma stashahada, usiigundue miaka mitatu baadaye.

Utasema ni njia ndefu. Ihesabu. Udaktari ni miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Ukitanguliza stashahada umeongeza mitatu, na kati ya hiyo ukikwama kifedha una taaluma mkononi. Tena tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na kozi za afya zimo. Kwa nyumba inayoishi kwa mikungu ya ndizi, hilo si jambo dogo.

Ya tatu, shahada nyingine sasa hivi kwa Biolojia na Kemia yako: ualimu wa sayansi, kozi za kilimo na mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, mazingira, wanyamapori. Soma kitabu cha mwongozo cha TCU, kila kozi imeandikiwa masomo yake, na nyingine huongeza sharti la BAM, yaani hisabati ya msingi ya kidato cha sita, au la Hisabati ya kidato cha nne. Hizi ni kozi nzuri. Lakini usiingie ualimu kwa hasira za kukosa udaktari, maana watoto wa watu ndio watakaokaa mbele ya hasira hiyo. Ingia kama unaweza kujiona darasani Longido, una chaki mkononi na umeridhika.

Mwaka wa msingi wa Chuo Kikuu Huria nautaja tu, kwa kuwa utasikia watu wakikushauri. Umewekwa kwa ajili ya waliokosa zile pointi 4. Wewe unazo.

Mama na majirani

Barua yako inasema ndoto ni yako, kisha inasema mama ameshatangaza. Kaa peke yako utenganishe hayo mawili. Kama majirani wasingejua lolote, ungechagua nini? Jibu hilo ndilo umpelekee mama, na umpelekee wewe mwenyewe kabla hajalisikia sokoni. Mwonyeshe mahesabu ya pointi kama nilivyokuonyesha, kwa kalamu na karatasi. Mama anayeuza ndizi anajua hesabu kuliko unavyodhani. Aibu ya kusema “mwanangu anaanza na utabibu” ni ya wiki moja. Kikoba kisicholipika huondoa mtu kwenye kundi la wanawake wenzake.

Hela irudi kikobani, ipunguzwe tu ile ya ada halisi za maombi.

Wiki hii

Kama huyo kijana ameshakufungulia akaunti ya maombi, mwambie akupe neno la siri, ulibadilishe, na uweke namba yako ya simu. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kwa namba maalumu anayotumiwa. Ikienda kwenye simu ya mtu mwingine, huyo ndiye aliyeshika nafasi yako. Maombi ya shahada hutumwa chuoni moja kwa moja na hufunguliwa kwa awamu. Ukikosa ya kwanza hujafa, lakini kozi zenye wengi hujaa mapema. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe sasa kwa wakala wa usajili, RITA, kwa sababu Bodi ya Mikopo itakidai na foleni ya RITA haisubiri mtu.

Kisha niandikie tena. Nataka kujua mambo mawili tu: Hisabati ya kidato cha nne ni daraja gani, na mwalimu wa Fizikia amesemaje.