MAJINA YA UKOO HAPA MVITA: YANATOKA WAPI?

Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Darasani tumefundishwa kwamba Mwingereza aitwaye Smith jina lake ni la mhunzi, na Johnson ni mwana wa John. Hayo twayajua vizuri! Lakini ukimuuliza mtoto wa Mji wa Kale maana ya jina lake la ukoo, atakutazama tu. Basi leo tujifunze yetu.

1. Majina ya miji
Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili. Tisa Taifa ni Mvita, Jomvu, Kilifi, Mtwapa, Pate, Shaka, Faza, Bajuni na Katwa. Thalatha Taifa ni Kilindini, Changamwe na Tangana. Mengi ya haya ni majina ya mahali. Kilindini, kwa mfano, ni kwenye kilindi, palipo na maji marefu. Si ajabu meli kubwa zatia nanga huko!

2. Herufi ya mwisho
Katika Kiarabu, jina likiongezwa "i" mwishoni huonyesha mtu atokako au ukoo wake. Siye huiandika pia "y". Nabhany ni mtu wa ukoo wa Nabhani, uliotawala Pate. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetupa neno "runinga", ni wa jina hilo.
Sasa tazama jina Mutwafy. Ukilisikia utadhani limeshuka jahazini jana kutoka Arabuni. Kumbe ni Mtwapa! Kiarabu hakina "p", kwa hiyo "p" ikawa "f". Vazi ni la Kiarabu, mwili ni wa papa hapa pwani.

3. Mazrui
Ukoo huu ulitoka Oman. Waomani waliiteka Ngome ya Yesu kwa Wareno mwaka 1698, na baadaye Wamazrui wakatawala Mombasa hadi 1837, walipoondolewa na Seyyid Said. Neno lenyewe lina mzizi mmoja na "zaraa", yaani kilimo. Maana yake ni kilichopandwa. Na kweli walimea: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947) alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwanawe, Profesa Ali Mazrui (1933-2014), alijulikana duniani kote.

4. Kuna faida gani?
Shuleni twaandikwa majina matatu: lako, la baba na la babu. La ukoo huanguka njiani. Darasani mwetu wako wawili waliokaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, kumbe ni ukoo mmoja na hawajui! Tena wako wasemao kuwa mwenye jina la Kiarabu ni mgeni. Mtu kama huyo mwonyeshe Mutwafy. Lakini pia, yakhe, ukoo si wa kujigambia. Ni wa kujuana.

Wazee wanaojua haya wanapungua kila mwaka. Waulizeni wangali hai.

Zoezi
(a) Andika jina la ukoo wako na la mama yako.
(b) Je, ni la mahali, la mtu au la kazi?
(c) Muulize babu au bibi yako, kisha uandike maneno yake kama alivyoyasema.


Mwanafunzi, Kidato cha Tatu