Mashine inakohoa nikiongeza moto

*Fundi, nina mashine ya boti ya HP 15, ya tusitroki. Ikiwa silensa inanguruma vizuri, lakini nikiongeza moto inakohoa, kisha inazima. Plagi nimebadilisha. Nifanyeje? — Mvuvi, Kilwa*

Pole, ndugu yangu. Hiyo mashine ina njaa. Ikiwa silensa inakula kidogo, kwa hiyo huoni tatizo. Ukiongeza moto inataka petroli nyingi, haiipati.

Anza na kifuniko cha tangi. Ile skrubu ndogo ya hewa umeifungua? Usicheke, hata mafundi tunaisahau. Ikifungwa, tangi linashindwa kupumua na mafuta hayatoki.

Kisha shika kile kipira cha kubonyeza kwenye mpira wa mafuta. Mwenzako aongeze moto. Kikinywea kama embe lililofyonzwa, njia imeziba upande wa tangini. Kikibaki na umbo lake, na ukikibonyeza mashine inafufuka, pampu ya mafuta imechoka au mpira unavuta hewa mahali: kaza viungio, tazama nyufa.

Mimina pia mafuta ya kwenye chujio ndani ya chupa nyeupe, usubiri. Maji hukaa chini. Ukiyaona, mwaga yote, safisha tangi. Sigara mbali!

Yote yakiwa sawa, huenda ni kabureta: jeti kubwa imeziba. Hapo mpelekee fundi. Jeti usiichokonoe kwa waya, utalipanua tundu. Mpaka itengenezwe, usivuke mwamba bila makasia na nanga.